UZI: Space Harrier ya Master System, mnaoicheka kwa vile viboksi njooni hapa

Mwana_Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa gemu za zamani kuna mtu aliweka picha ya Space Harrier ya Master System, ile mashine ya gemu ya nyumbani ya Sega, na vicheko vikaanza hapohapo. Mara joka limebandikwa kwenye karatasi, mara mawe yana fremu. Nikanyamaza kwa sababu uzi haukuwa wangu. Huu ni wangu, tukae vizuri.

Kwa wasioijua: Space Harrier ni gemu ya Sega ya 1985, ilitengenezwa kwa mashine za sarafu, zile kubwa za kusimama nazo kwenye kumbi. Aliyeiongoza ni Yu Suzuki, huyohuyo wa Hang-On na Out Run, na baadaye Shenmue. Unamwona jamaa, Harrier mwenyewe, kwa mgongoni, kabana bunduki kubwa kwapani, na bunduki hiyohiyo ndiyo inamrusha angani. Anakimbia, anapaa, na dunia nzima inamjia usoni: uyoga mkubwa kuliko nyumba, nguzo za mawe, vichwa vya mawe, ndovu wa manyoya wenye jicho moja, maroboti, majoka. Hadithi ya maana hakuna. Unakaribishwa, unaambiwa ujiandae, unaanza kufa. Hatua 18. Ya 5 na ya 12 ni za kupumzika, unapanda mgongoni kwa joka jeupe na kubomoa kila kilicho mbele yako. Ya mwisho wanakurudishia mabosi uliowaua, mmoja baada ya mwingine.

Mwanzoni wazo lilikuwa ndege ya kivita aina ya Harrier, na jina limebaki kutoka huko. Ila kuichora ndege ikigeuka kila upande kulitaka kumbukumbu nyingi kuliko iliyokuwepo, na Suzuki akaiweka pembeni, akaweka mtu. Mtu unamchora kwa picha chache na bado anaeleweka. Kwa hiyo hii gemu ilianza kukatwa ikiwa bado tumboni. Hilo mlishike, nitalirudia.

Mashine yenyewe ilikuwa na prosesa mbili za Motorola 68000, kila moja ya megahezi 10, na juu yake chipu maalumu za kukuza na kupunguza picha. Hapo ndipo uchawi ulipo. Hakuna umbo la pande tatu mle ndani hata moja. Ni picha bapa zinazoanza zikiwa punje kule mbali, zinakuzwa haraka mpaka zinakujaa usoni, chini yake sakafu ya miraba kama ubao wa drafti ikikimbia. Toleo la kifahari lilikuwa na kiti kinachosukumwa na mota: ukivuta usukani kushoto, unalala kushoto na kiti chako.

Sasa chukua mzigo huo wote uutie kwenye Master System, ambayo Japani waliiita Mark III. Prosesa ni Z80 moja, megahezi 3.58. Kumbukumbu ya kazi kilobaiti 8. Chipu ya kukuza picha hakuna. Picha zinazotembea huru kwenye skrini, zile spraiti, ni 64 kwa jumla, na katika mstari mmoja wa skrini zinaonekana nane tu. Ya tisa inapotea. Na spraiti yenyewe ni kijipande cha upana wa pikseli 8. Piga hesabu: nane mara nane ni pikseli 64, kwenye skrini yenye upana wa 256. Joka moja likijinyoosha kwa upana limemaliza mgao wote, na Harrier mwenyewe hajachorwa bado.

Waliofanya kazi ile walikuwa na njia mbili rahisi. Kuwafanya maadui wawe wadogo, au kuacha skrini imeremete na kukwama kila vitu vikiwa vingi. Zote mbili zingeua gemu, maana Space Harrier bila ukubwa na bila kasi haina kitu kingine cha kukupa. Wakachukua njia ya tatu: vitu vikubwa visiwe spraiti kabisa. Vichorwe kwenye mandhari ya nyuma, ile ya vigae vya pikseli 8 kwa 8, na mandhari yenyewe ifutwe na kuchorwa upya kadiri vitu vinavyokaribia. Ukubwa tofauti wa kitu kimoja ukawekwa tayari ndani ya kaseti, yaani kile kiboksi cha gemu unachochomeka kwenye mashine: jiwe dogo, jiwe la kati, jiwe kubwa, jiwe la kukuua.

Tatizo ni kwamba kigae cha mandhari ni mraba kamili. Hakina uwazi pembeni wa kuonyesha kilicho nyuma yake. Jiwe likipita mbele ya jiwe lingine, linapita na mraba wake, linalifunika kona. Ndiyo hivyo viboksi mnavyovicheka. Mwenye kuvilipia alijua anachonunua, na alichonunua ni joka linalojaza skrini mwaka 1986 kwenye kidude cha kuunganisha na TV ya sebuleni.

Kaseti ilikuwa ya megabiti 2, yaani kilobaiti 256, kubwa kuliko zote zilizoitangulia kwenye mashine ile. Hatua zote 18 zimo. Na juu yake wakaongeza bosi wa mwisho ambaye kwenye mashine ya sarafu hayupo, anaitwa Haya Oh. Sisemi ni bosi mzuri, ana kasi isiyo na haki hata kidogo. Lakini fikiria mtu amebanwa kila upande, halafu bado anakuongezea.

Msimamo wangu: kati ya Space Harrier zote zilizoingia nyumbani, hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Leteni ubishi.

---

Korosho_Daraja1

Nimesoma yote mkuu. Joka bado liko kwenye boksi.

---

Mlindi_Halisi

Mtwara mna mambo. Mtu anaandika insha kutetea kitu kibovu.

Mkuu, 32X, kile kifaa cha Sega cha kuongezea nguvu Mega Drive, ilipata Space Harrier mwaka 1994, waliotengeneza ni Rutubo Games. Hakuna boksi, picha zinakua laini, ukiicheza ukiwa mbali kidogo na TV utadhani ni mashine ya sarafu. Ya Saturn, mashine ya Sega iliyofuata, ikaja 1996, ile ndiyo yenyewe kabisa, na padi yake ya analogi inafanya kazi. Sasa unaniambia nivumilie vigae kwa sababu kuna mtu aliteseka kuviweka? Mateso ya fundi hayanihusu mimi mchezaji. Mimi naangalia kilichopo mezani.

Huku Lindi tunasema hivyo hata kwa pweza.

---

Kijana_Chuno

Naomba kuuliza wakubwa, hii gemu naipata kwenye simu? Na je ina kucheza wawili?

---

Fundi_Ligula

Naingia upande wangu, mengine nawaachia wenyewe.

Mwana_Shangani amesahau jambo moja linaloharibu sana sifa ya hii gemu huku kwetu. TV zetu zile za chogo ni za PAL, mfumo wa TV wa huku na Ulaya, herizi 50. Mark III ya Japani na Master System ya Marekani ni herizi 60. Gemu nyingi za enzi zile zimefungwa kwenye mapigo ya skrini, yaani kila TV inapochora picha moja, gemu inapiga hatua moja. Mashine ya Ulaya inachora picha 50 kwa sekunde badala ya 60, kwa hiyo gemu isiyorekebishwa inatembea pungufu kwa kama asilimia 17, na muziki unazubaa nayo. Chukua gemu ambayo roho yake ni kasi, ipunguze kasi asilimia 17, halafu useme ni nzito.

Mashine nyingi nilizofungua hapa mjini, zilizokuja na ndugu kutoka nje, ni za Ulaya, zimeandikwa PAL chini. Kwa hiyo mtu aliyecheza Space Harrier kwenye hizo, bado hajaicheza kwa mwendo wake.

Na jambo la pili, mashine ile batani ya kusimamisha gemu iko kwenye mwili wa mashine, siyo kwenye padi. Nawaona watoto wanaitafuta kwenye padi mpaka wanakufa. Weka mashine karibu na mkono.

---

Korosho_Daraja1

> Fundi_Ligula alisema: bado hajaicheza kwa mwendo wake.

Fundi, unamaanisha utoto wangu wote ulikuwa wa taratibu? Hata mama alikuwa anasema hivyo.

---

Binti_Mikindani

Assalaam alaykum wote. Mimi nawapinga nyote wawili, Mwana_Shangani na huyu ndugu yetu wa Lindi.

Nimeikalia ile ya kiti. Nilikuwa mdogo, tuko Muscat kwa shangazi, kwenye jengo la michezo ya watoto. Nilikuwa siwezi hata kufikisha miguu chini. Nawaambieni, picha siyo kitu kinachokosekana nyumbani. Kinachokosekana ni usukani.

Ule usukani ni wa analogi, na haufanyi kazi kama padi. Pale mkono ulipo ndipo Harrier alipo kwenye skrini. Ukiusukuma nusu, anakwenda nusu. Ukiuachia, unarudi katikati, naye anarudi katikati. Kwa hiyo kukwepa kwenye ile mashine ni kuzungusha mkono kidogo kama unakoroga, maana risasi zinalengwa pale ulipokuwa, na wewe tayari umeshaondoka. Mwili unajifunza wenyewe, hasa kiti nacho kikiwa kinakuegemeza.

Sasa niletee padi ya msalaba ya Master System. Ni juu, chini, kushoto, kulia. Hakuna nusu. Unakwepa kwa kukimbia kutoka kona hadi kona, umekuwa mchezo mwingine. Na hiyo 32X mnayoisifu, padi yake ni ya msalaba vilevile! Picha safi, mkono uleule. Kaka wa Lindi, ulichokiona mezani ni sahani.

Kwa hiyo mimi nasema bora ni ile ya Saturn yenye analogi, na baada yake zile za M2, studio ya Japani inayotoa upya gemu za zamani.

---

Mlindi_Halisi

Dada umenimaliza. Kwenye analogi nakubali, Saturn nimeitaja mwenyewe.

Ila kwenye pweza sikubali.

---

Mwana_Shangani

Wa alaykum salaam dada. Hoja ya usukani ni nzito, sitaikimbia.

Lakini tazama walichofanya kwenye ile ndogo. Kwa kuwa padi haina nusu, Harrier wa nyumbani hakulazimika kurudi katikati. Anabaki pale ulipomwacha. Umesema umekuwa mchezo mwingine, na hapo tunakubaliana kabisa, ila mimi naona ndiyo sifa yake. Ukizoea, unajifunza kuzunguka skrini nzima kwa duara kubwa, kona nne, na risasi zinakufuata nyuma. Ni ufundi tofauti, na unafundishika kwa padi ya batani mbili.

Na wewe Mlindi, nikujibu la mateso ya fundi. Sisemi uvumilie kwa huruma. 32X ina prosesa mbili za SH-2 za megahezi 23. Ukiwa na nguvu hiyo, kazi yako ni kuhamisha: kilichokuwa kule kiwe hapa. Hakuna mahali unapolazimika kujiuliza hii gemu ni nini hasa, nikitupa nini itabaki yenyewe. Waliofanya ile ya 1986 walijiuliza hilo kwenye kila kigae. Na jibu lao unaliona ukiicheza: ukubwa na kasi kwanza, unadhifu baadaye. Jibu hilo naliona sahihi, kwa sababu nimeona waliojibu vingine.

Famicom ya Nintendo kwa mfano, kampuni ya Takara waliitoa 1989. Miaka mitatu baadaye! Itazameni wenyewe kisha mrudi hapa. Na Mega Drive, mashine ya Sega iliyofuata Master System, yenye nguvu mara nyingi zaidi, ilizinduliwa Japani 29 Oktoba 1988 ikiwa na Space Harrier II siku ileile ya kwanza. Hakuna viboksi, rangi nzuri, mabosi wapya. Lakini Mega Drive nayo haina chipu ya kukuza picha, na vitu vinakuja kwa kurukaruka saizi, vidogo, vikubwa, vikubwa zaidi, bila ile hofu ya kugongwa. Mimi kwenye Mega Drive sijawahi kushtuka. Kwenye ile ndogo nimeshtuka sana.

Halafu niwape kitu ambacho hakuna aliyekigusa. M2 walipoitoa upya kwenye 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo, Japani mwaka 2012, walifuata mashine ya sarafu kwa kila kitu, mpaka kuna mpangilio wa kuiyumbisha skrini ionekane kama umekalia kile kiti. Nani walimwingiza mle? Haya Oh. Bosi wa kaseti ya viboksi, aliyezaliwa kwenye mashine ya sebuleni, akapelekwa kwenye toleo la heshima. Watu wanaoijua Space Harrier kuliko sisi sote humu walitazama ile kaseti wakaona kuna cha kuchukua.

---

Korosho_Daraja1

Haya hapo sasa umeongea. Hiyo ya Haya Oh sikuwa naijua.

Joka bado liko kwenye boksi lakini nimeanza kuliheshimu boksi.

---

Kijana_Chuno

Wakubwa mmenisahau. Simu?

---

Binti_Mikindani

Pole mdogo wangu, wazee wakianza hivi hawaoni watoto.

Kucheza wawili pamoja hapana, hii ni ya mmoja. Kwenye simu inakubali kwa emuleta, programu ya kuigiza mashine za zamani, hata simu ya bei ya chini, maana Master System ni mashine nyepesi sana kuiigiza. Lakini usiicheze kwa kugusa kioo, nakuomba. Kidole gumba kinaziba robo ya skrini, na hii ni gemu ya kuona mbali. Tafuta padi ya bluutuuthi hata ya kichina. Kama nyumbani kuna Switch ya Nintendo, iko Space Harrier ya Sega Ages ya 2019, M2 haohao, ina usukani wa analogi na kuna namna ya kucheza ambapo unapewa walinzi wawili wa kukukinga. Anza na hiyo ujue inavyotakiwa kuwa, kisha shuka kwenye ile ndogo ya Mwana_Shangani uone alichokuwa anapigania.

---

Mwana_Shangani

Mimi ningemwambia aanze na ndogo. Akianza na safi ataona viboksi tu.

---

Binti_Mikindani

Ndiyo maana nimemwambia aanze na safi. Sisi wawili hatuwezi kukubaliana kwenye hili, tumwache achague.

---

Kijana_Chuno

Nimeicheza hiyo ndogo, padi ya rafiki. Nimefika kwa yule joka wa kwanza, nikampiga, nikafurahi, hatua ya pili nikagonga nguzo. Inarudi mwanzo kabisa? Haihifadhi?

---

Fundi_Ligula

Haihifadhi mdogo wangu. Kaseti haina betri ndani. Umeme ukikatika ukiwa hatua ya 14, unarudi ya 1 na machozi yako. Emuleta ina kuhifadhi kwake, lakini usiwaambie hawa wazee kama umeitumia.

Ushauri wa nguzo: usikae katikati na usikae chini. Ukikimbia ardhini, vichaka vinakukwaa tu, unajikwaa na kuendelea, lakini miti na nguzo zinaua. Paa juu kidogo, zunguka, fyatua bila kuacha. Usisubiri kumwona adui ndipo ufyatue, kule mbali ni punje, akishakuwa na sura umechelewa.

---

Kijana_Chuno

Asante sana. Nzuri. Ila nimeona viboksi.

---

Mlindi_Halisi

😂😂😂

---

Mwana_Shangani

Nimekubali, kijana ana macho.

Sasa jambo la vitendo, maana uzi huu utaishia maneno. Fundi, TV ya chogo niliyonayo ni ya miaka ya tisini, PAL. Mashine niliyoazima ni ya Japani, ya herizi 60. Jana nimeunganisha kwa waya wa antena, picha inapanda tu juu bila kukaa na sauti ni mvumo mtupu. Nimebadilisha chaneli zote. TV imeshindwa au mimi?

---

Fundi_Ligula

Kwa antena hutafika popote, mkuu. Masafa ya chaneli za Japani hayaendani na ya TV zetu, na hata ukibahatisha picha, sauti inabebwa kwa mpangilio tofauti. Mvumo huo ndiyo kawaida yake.

Mark III nyuma ina tundu la waya wa AV, la duara lenye pini. Tumia hilo, uingie kwenye tundu la njano la video. Picha itakaa kama TV ina kitasa cha kurekebisha mshiko wa wima, kwa nyuma, kimeandikwa V-HOLD. Zungusha taratibu mpaka itulie. Yaweza kutokea bila rangi, nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi ya Japani ni NTSC, mfumo tofauti na PAL yetu. TV zilizokuja kutoka Dubai miaka ile nyingi zinasoma zote mbili, angalia kibandiko cha nyuma kama kimeandikwa MULTI SYSTEM.

Na kabla ya yote, umeme wa Japani ni volti 100. Adapta yake usiichomeke ukutani moja kwa moja, itakufa na moshi. Ukishindwa ilete Ligula, nina transfoma ya kushusha, na waya wa AV nitauunga mwenyewe. Njoo nayo Jumamosi baada ya alasiri, na mdogo wetu wa Chuno aje kama yuko karibu. Padi zije mbili, moja ikigoma tusikae tunatazamana.

---

Korosho_Daraja1

Nakuja na ming'oko. Nataka nilione hilo joka kwa herizi 60.